Msumari wa Golikipa

Mwenye saluni alipigilia misumari kumi na mmoja ukutani mwaka ule wa Kombe la Dunia, wakati Durban nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa mpira. Aliipanga kama timu inavyopangwa uwanjani: mmoja chini kabisa wa golikipa, minne ya mabeki, na kuendelea hadi juu kwa washambuliaji. Hapo, alisema, tutawatundika wachezaji wa kwetu, wale ambao hakuna televisheni inayowakumbuka.

Saluni yetu ilikuwa Albert Park, chini ya jengo la ghorofa, kati ya duka la simu na mama muuza vitenge. Mimi nilikuwa kinyozi wa kiti cha pili. Sheria ya ukuta ilikuwa moja, na haikuwa na huruma: mchezaji hatundikwi mpaka wapatikane watu wawili waliomwona akicheza kwa macho yao. Si kwa redio, si kwa kusimuliwa na mjomba. Hao wawili wanaandika majina yao nyuma ya fremu, kisha saluni nzima inanyoosha mikono. Asiye na picha, tunamchoresha kwa fundi mmoja wa mabango. Simlaumu mwenye saluni kwa sheria hiyo. Albert Park kila mtu alikuwa mkubwa huko kwao, huyu mkurugenzi, yule mtoto wa chifu, na hapa ukimtazama analinda magari.

Mabishano yake we acha tu. Winga mmoja wa Lubumbashi alitumalizia wiki tatu. Msusi wetu, mama wa Bukavu mwenye mdomo wake, alimwacha mteja na kichwa nusu akaja kusimama katikati. "Ule hakuwa winga," alisema. "Ule alikuwa mtu wa kukimbia tu, mpira ndio ulikuwa unamufuata." Tulicheka mpaka mteja mwenyewe akasahau kulalamika. Winga alitundikwa hata hivyo. Kufikia mwaka uliofuata misumari kumi ilikuwa imejaa, ukabaki ule wa golikipa.

Ndipo yule mzee akasema ni wake.

Alikuwa Mrundi, mrefu, mpole, analinda magari mbele ya maduka kule Queensburgh. Kila Jumamosi alishuka kwenye taksi na kizibao chake cha njano mkononi, akaja moja kwa moja kwenye kiti changu. Siku hiyo nilikuwa nimeshafika nusu ya kichwa chake alipotamka, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, kwamba zamani alidaka Bujumbura, na kwamba kuna mechi moja dhidi ya wageni kutoka Zaire ambayo alizuia penalti mbili. Mama muuza vitenge, naye wa Bujumbura, alisikia akaingia. Alisema ni kweli, alikuwepo, alinyeshewa mvua siku hiyo. Basi shahidi mmoja akawa amepatikana.

Shahidi wa pili nilikuwa mimi.

Hilo sikuwahi kulisema, na leo nalisema kwa aibu. Nilikuwa na miaka tisa, baba alinibeba mabegani. Nilimwona akienda kushoto mara mbili, na mara mbili mpira ukakataa kuingia. Baada ya ile ya pili wenzake walimkimbilia wote, yeye akakaa chini kwenye matope akawa anafunga kamba za kiatu, taratibu, kana kwamba yuko barazani kwake.

Lakini faili langu katika ofisi ya wakimbizi lilisema nimezaliwa Fizi, Kongo, na kwamba sijawahi kukanyaga Burundi hata siku moja. Nilipoingia nchi hii, waliotangulia waliniambia vita vya Burundi vinahesabiwa vimekwisha, nikisema natoka huko nitarudishwa. Nikawa mtu wa Fizi. Aliyekaa pembeni yangu ofisini akitafsiri, akanithibitisha kwa moyo mweupe kabisa, ni huyu huyu mwenye saluni. Ndiye pia aliyenipa kiti cha kunyolea. Na maneno ya saluni, kila mtu anajua, hayakai saluni.

Mama muuza vitenge akarudi kwa wateja wake, mwenye saluni akavuta kigoda akaanza kumhoji mzee. Hakufanya kwa ubaya. Alihoji kama sisi sote tulivyohojiwa, hakuna namna nyingine ya kuuliza tuliyokuwa tumebaki nayo. Papa, mlango wa uwanja ulikuwa upande gani? Refa alikuwa mnene au mwembamba? Siku hiyo timu yenu ilivaa jezi za rangi gani?

"Nyeupe," mzee akasema.

Wa duka la simu, aliyekuwa mlangoni, akapiga kofi. "Papa, iyo timu ilikuwa ya wekundu. Hata sisi Uvira tulikuwa tunajua. Nyeupe haikuvaaka hata siku moja."

Watu wakacheka. Msusi akasema, "Rejected," kwa sauti ile ile ya afisa wa dirishani kule ofisi ya wakimbizi anapokukatalia maombi, na kicheko kikazidi, maana kila mmoja wetu alikuwa ameisikia sauti hiyo. Mzee naye alitabasamu. Alikuwa ameisikia mara tatu.

Na nyeupe ilikuwa kweli. Wageni walikuja na nyekundu, kwa hiyo wa kwetu wakaazima jezi za shule moja ya sekondari, kubwa mno, mikono imekunjwa. Nilikuwa nayo yote hayo mdomoni.

"Kuna mwingine hapa alikuwa Bujumbura miaka ile?" mwenye saluni akauliza. Alitazama saluni nzima, mmoja mmoja. Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwangu na kichwa cha mzee kilikuwa chini ya kiganja changu, kina joto. Nikaendelea kunyoa.

Watu walipotawanyika, mzee alinitazama kwenye kioo. "Wewe mwanangu, miaka ile ulikuwa wapi?"

"Fizi, papa."

Lafudhi yangu sijui nilikuwa namdanganya nani nayo. "Basi kaa huko huko Fizi," akasema. "Usitoke." Akachukua kizibao chake akaenda kupanda taksi.

Aliendelea kuja kila Jumamosi, na suala la msumari hakuligusa tena. Mwaka wa tatu kifua kilimshika, akalazwa. Nilikwenda kumwona saa ya wageni, mchana, nikiwa na machungwa ambayo hakuweza kuyala. Hapakuwa na mtu wa kutusikia. Nikamwinamia nikamwambia kwa Kirundi, lugha ambayo sikuwa nimeitamka mbele ya mtu kwa miaka mingi: "Papa, baada ya penalti ya pili ulikaa kwenye matope ukafunga kamba za kiatu."

Alifumba macho muda mrefu, nikadhani amelala.

"Kamba hazikuwa zimefunguka," akasema. "Miguu ndiyo ilikuwa inatetemeka. Sikutaka waone."

Akanishika mkono. Nililia, mimi ambaye si mtu wa kulia. Nilimwahidi nitasema saluni.

Tulimzika Jumamosi, siku yake ya kunyoa. Mwenye saluni alihuzunika sana, akasema laiti angepatikana shahidi wa pili tu, hata leo, fundi wa mabango angemchora. Alinitazama mimi kama alivyowatazama wengine. Mwezi uliofuata karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa inaisha na nilitakiwa dirishani. Nikasema moyoni, nikisharudi kutoka dirishani. Niliporudi, nikasema, baada ya safari ijayo.

Mwaka haukupita, akaletwa golikipa mwingine, wa Kinshasa, picha anayo, mashahidi wawili. Mmoja wao naapa alimwona kwenye televisheni tu. Hakuna aliyembishia, watu walikuwa wamechoka kuona msumari mtupu. Mwenye saluni akaomba mikono. Ya wote ikawa juu, na wangu pia.

Kwa kuwa kiti changu ndicho kilichokuwa karibu na ukuta, fremu nilipewa mimi. Niliitundika. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaona imekaa upande, nikainyoosha.