Moshi wa Noeline

Noeline Gutsell hakuwa bahili, na anayesema alikuwa na mkono wa birika basi hajawahi kula mezani kwake. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa wanyoa kondoo, akizunguka nao mashamba ya Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, na wanaume wale walikuwa wakila mpaka wanalegeza mikanda. Shida haikuwa moyo wake. Shida ni kwamba makaa ya mawe yalipanda bei, umeme ukapanda, na pensheni ya mjane ikakaa pale pale, haina habari. Basi kilipoingia kipupwe cha mwaka ule akakata shauri: jiko litawashwa jioni tu, na supu ikishaiva, imetosha. Kuanzia asubuhi mpaka jioni atajikaza.

Na kujikaza alikujua, msidhani. Vyumba vyote alivifunga, kitanda akakiburuta mpaka jikoni. Madirishani alining'iniza mablanketi juu ya mapazia. Ndani ya sweta alivaa sweta nyingine, na ndani ya hiyo alipanga magazeti ya wiki iliyopita, ikawa akiinama kufunga viatu anasikika kama mtu anayefungua zawadi. Usiku alimlaza miguuni Moss, mbwa wake wa kuchungia kondoo aliyestaafu na kunenepa. Mchana aliutafutia joto la bure. Kuna siku alishinda maktaba ya shule. Kuna siku alikaa kwenye benchi la wagonjwa zahanati akisoma magazeti, mpaka nesi akamuuliza anaumwa nini, naye akajibu haumwi kitu, amepita tu. Na kila Alhamisi aliuza mitumba kwenye duka la kanisa, bila mshahara, kwa sababu hita ya pale ililipiwa na kanisa.

Ukweli ni kwamba alikuwa anafurahia. Kila siku aliyoifikisha jioni bila kutikisa ndoo ya makaa alijisikia amemzidi mtu akili, ingawa hakujua hasa amemzidi nani.

Aliyemnyima usingizi ni Craig, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akikaa Invercargill, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kipupwe kilichotangulia Noeline aliugua nimonia, na Craig alikaa kando ya kitanda cha hospitali akaapa. Hakupaza sauti, si mtu wa kelele. Alisema tu kwamba akimkuta tena mama yake kwenye nyumba ya baridi, nyumba itauzwa, na mama atahamia zile nyumba za wazee za Invercargill zenye joto saa zote. Na kila alipokuja Kerrbank, mji wa mama yake, kumtembelea alisimama katikati ya jikoni, koti lake limefungwa vifungo vyote, anapapasa kuta. Koti lile lilimuudhi Noeline kuliko maneno yenyewe. Tangu baba yake azikwe, Craig hakuwahi kulivua ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Kuhama Kerrbank! Mji wenyewe ni barabara mbili na mgodi uliofungwa, lakini hapo ndipo alipoolewa, ndipo alipomzika mume, na hapo hakuna mtu asiyejua kwamba chai yake ni ya kukolea na asiguswe kabla hajaimaliza. Noeline aliogopa. Aliogopa kuhama kuliko alivyoogopa baridi, na woga huo ndio uliomfanya mjanja.

Ujanja ulianza hivi. Craig, kwa kuwa yuko mbali, alimwomba jirani wa mkabala amtazamie dohani ya mama yake kila asubuhi. Jirani huyo ni Rewi Parata, mchimba makaa mstaafu, mtu wa maneno machache na mashavu makubwa. Moshi ukionekana, Rewi atume ujumbe. Usipoonekana, apige simu. Kwetu Kerrbank hilo si jambo la ajabu. Tangu enzi za mgodi watu wamekuwa wakijuliana hali kwa dohani, na ile isiyotoa moshi wakati wa chai ya asubuhi, mtu anavuka barabara kubisha hodi.

Noeline alimwona Rewi amesimama dirishani na kikombe, shingo juu, siku ya kwanza, siku ya pili, na ya tatu akaelewa. Wanataka moshi? Watapata moshi. Mtu aliyepikia kuni mbichi miaka yote hafundishwi kutengeneza moshi. Basi kila asubuhi alikunja gazeti, akalitia moto ndani ya jiko, na juu yake akatupia konzi ya matawi mabichi ya ua wa misonobari. Joto la kupasha hata kijiko hulioni. Lakini moshi, usiseme. Rewi anatuma ujumbe, Craig anashusha pumzi, Noeline anajifunga skafu anakwenda zake maktaba.

Mambo yakaenda hivyo, yakanoga, mpaka Alhamisi moja ya Julai ilipoanguka jalidi ya kukata na shoka. Nyasi zilikuwa nyeupe, mabomba yameganda, ukungu umetanda, na hewa imesimama tuli. Noeline alihofia Rewi asije akaukosa moshi kwenye ukungu ule, akaongeza konzi ya pili. Halafu, kwa kiherehere tu, akaongeza ya tatu. Akamwita Moss, wakashika njia ya dukani. Kitu alichosahau ni kwamba siku isiyo na upepo moshi haupandi. Ulitoka kwenye dohani, ukakosa pa kwenda, ukashuka juu ya bati na kuifunika nyumba yote hata ua ukawa hauonekani.

Rewi alikuwa ameingia jikoni kuchemsha maji ya chai, hakumwona jirani yake akitoka. Aliporudi dirishani aliona moshi wa kumtosha mwaka mzima. Akapiga simu zimamoto.

Sasa, zimamoto wa Kerrbank ni sisi wenyewe. King'ora kikilia, muuza nyama anaacha kisu, mwalimu anaacha chaki. Na kinamama wana kazi yao, imekuwa hivyo tangu bibi zetu: yeyote anayesikia king'ora na hana mtoto mkononi anakwenda kituoni, anawasha birika kubwa na hita, anaoka ile mikate ya Southland iliyoviringishwa na jibini, ili wazimaji wakirudi wakute kitu cha moto. Kuuliza moto uko wapi ni baadaye. Noeline alikuwa amelifanya hilo maisha yake yote. Aliposikia king'ora alifunga duka, akamwambia Moss twende, akatembea chapuchapu mpaka kituoni, njia nzima akiwaonea huruma hao maskini ambao nyumba yao inateketea.

Nyumbani kwake kulikuwa na kizaazaa. Lorraine, msusi ambaye pia ndiye mkuu wa zimamoto, aligonga mlango, akaita, kimya. Rewi alisimama barabarani na slipa, kwenye jalidi, analia bila kujificha, anarudia kwamba yumo ndani, yumo ndani. Lorraine akainua shoka akaupasua mlango vipande viwili. Mlango wenyewe haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Kerrbank hakuna anayefunga mlango, na wote waliokuwepo pale walilijua hilo, lakini mtu akishashika shoka akili inahama.

Waliingia kutafuta moto, hawakuuona. Walichokiona ni mvuke wa pumzi zao wenyewe. Jikoni kulikuwa na baridi kuliko nje. Kitanda kimesukumwa ukutani, maji ya mbwa yameganda bakulini, na ndani ya jiko matawi mabichi yanafuka taratibu. Rewi aligusa lile bakuli kwa kidole, akaondoa kidole. Walichungulia chini ya kitanda, wakafungua makabati, wakaenda mpaka banda la makaa, Noeline hayupo. Ikabidi warudi kituoni kupanga msako, na Lorraine akampigia simu Craig.

Kituoni walimkuta Noeline amevaa aproni, mashavu mekundu kwa joto la oveni, trei mkononi.

"Karibuni, mkae, naona mmepigika," akawaambia. "Ulikuwa mkubwa? Ni kwa nani huko?"

Walitazamana.

"Kwako," akasema Lorraine.

"Kwangu wapi?"

"Kwako, Noeline. Nyumbani kwako. Na mlango nimeuvunja mimi."

Noeline aliiweka trei mezani polepole. "Lakini mlango ulikuwa wazi," akasema.

Rewi hakungoja zaidi. Alimkumbatia kwa nguvu mpaka magazeti yakalia ndani ya sweta, na kila mtu akayasikia. Hapo ndipo Noeline alipojua kwamba wameingia, wameona, na hakuna tena cha kuficha. Lorraine akamsimulia yaliyobaki, hata jinsi Rewi alivyosimama barabarani na slipa akilia.

Saa moja baadaye, trei ya mwisho ikitoka kwenye oveni, Craig alifika. Alikuwa amepitia nyumbani kwanza. Aliingia na koti lake, vifungo vyote, na mkononi amebeba bakuli la mbwa na barafu yake ndani. Akaliweka mezani katikati ya vikombe.

"Mama, nilikuomba kitu kimoja."

"Moshi ulikuwepo," Noeline akasema, kwa sauti ndogo.

"Nilikuomba joto. Sikukuomba moshi."

Noeline alivuta kiti akakaa, akaikunjakunja ile aproni magotini, na wote mle ndani wakajifanya wanakunywa chai.

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Baridi naijua, tumezoeana. Lakini huko kwenye nyumba zenu zenye joto, siku nisipoamka, ni nani atasimama nje na slipa akinililia?"

Craig akatazama miguu ya Rewi. Slipa zilikuwa zimelowa chapachapa.

Rewi akajikohoza. Alisema acha na yeye amwage mtama. Tangu Mei banda lake la makaa lilikuwa tupu nusu, na angeacha dohani yake ipumzike bila wasiwasi, isipokuwa kila asubuhi akitazama ng'ambo anaona Noeline amemtangulia kwa moshi. Mchimba makaa mzima ashindwe na mpishi! Basi na yeye alikuwa akichoma nyasi mbichi za bustani. Noeline akamkodolea macho. Kumbe moshi ule aliokuwa akiuonea wivu, akidhani mwenzake anaota moto kama mfalme, ulikuwa nyasi? Lorraine alicheka mpaka akakaa juu ya mpira wa maji, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe anashinda saluni hadi jioni hata bila mteja, kwa kuwa nyumbani kwake hakukaliki. Watu wazima na akili zao, mtaa mmoja, wanadanganyana kwa majani.

"Kwenye kambi za wanyoa kondoo moto ulikuwa mmoja tu," Noeline akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Watu chungu nzima, moto mmoja. Hapa tuna majiko matatu na wote tunatetemeka. Sisi ni wajinga kiasi gani?"

Wakakubaliana palepale, huku jibini inawatiririka vidoleni. Moto utakuwa mmoja kwa siku, wa kweli, kuanzia asubuhi mpaka saa za kulala, leo kwa huyu kesho kwa yule, na kila mgeni aje na bonge lake la makaa. Kurudi nyumbani kila mtu atabeba chupa yake ya mpira yenye maji moto ya kulalia. Craig alikubali kwa shingo upande, mpaka kipupwe kiishe, basi, na akasema ataliangalia hilo kwa macho yake. Mchana ule alimtengenezea mama yake mlango mpya kwa mikono yake mwenyewe, bila kuvua koti.

Asubuhi iliyofuata alimpigia Rewi simu.

"Moshi upo kwa Mama?"

"Haupo."

"Haupo?" Craig akasimama.

"Leo ni zamu yangu. Mama yako yuko hapa, amevua sweta moja na magazeti yote, ananifundisha kupika uji ambao nimeupika tangu nipate akili. Njoo umchukue."

Craig akauliza zamu ya mama yake ni lini.

"Jumapili," Rewi akasema. "Na usije mikono mitupu."

Jumapili alikuja na gunia zima la makaa begani. Jikoni mlikuwa mmejaa watu, vioo vya madirisha vinatiririka maji, Moss amelala chali tumbo likitazama jiko. Lorraine alimsogezea kiti na kumtania kwamba mlango wake mpya ni mgumu, safari ijayo itabidi anoe shoka. Noeline hakumsalimu sana mwanawe, alikuwa anakoroga sufuria ya supu ya kondoo amewapa mgongo. Lakini masikio yake hayakuwa kwenye sufuria. Alisikia kifungo kimoja kinafunguliwa, kisha kingine, mpaka cha mwisho.

Akageuka. Craig amesimama nyuma ya mlango na koti mkononi, anatafuta pa kulitundika. Alikuwa ameutengeneza mlango ule akasahau kutia msumari, maana hakuwahi kuuhitaji.

"Leta hapa," akasema mama yake. Alilipokea, akaenda kulilaza kitandani, akalinyoosha mikono, na alikawia kidogo kuirudia sufuria yake.