Siku Nilimpeleka Dada Yangu Kuomba Kazi ya Omena

Hii hadithi haiwezi kunisaidia kupata bibi, kwa sababu ndani yake mjinga ni mimi. Lakini wacha niiseme, kabla dada yangu hajaisema vizuri kuliko mimi.

Dada yangu ni mtoto wa mama mdogo. Ana miaka kumi na sita, yuko Form Two, na anaongea polepole mpaka unaweza kulala katikati ya maneno yake. Mimi nilitoka kwetu Migori nikakuja Sindo, kando ya ziwa, kuziba pancha, nikawa naishi kwao. Likizo ilipofika alitaka kazi ya asubuhi pekee, jioni asome. Akauliza kwa duka la dawa, wakasema bado mdogo. Akauliza kwa hoteli, wakasema sauti yake haiwezi kufika hata jikoni. Akarudi, akakaa kwa mlango akichambua sukuma wiki.

"Bro," akaniambia, "nimebakisha yule mama wa kuanika omena. Huyo akikataa, siulizi mtu kazi tena. Mpaka nizeeke."

Hiyo maneno ilinikalia vibaya. Mtu azeekee kwa mlango na sukuma mkononi! Nikajifunga leso ya mama mdogo, nikakaa kwa kiti kama mama mwenye kazi, nikamwambia apige hodi tufanye mazoezi. Akapiga. Nikakunja uso: "Unataka nini, we mtoto?" Akacheka mpaka akashindwa kujibu. Mara tatu, hivyo hivyo. Nikaona basi, huyu nitampeleka mwenyewe.

Tulifika ufuoni jua likiwa bado changa. Mpaka leo nikifunga macho napaona. Ziwa limetulia kama maziwa kwa sufuria, kabla moto haujashika. Omena, vile visamaki vidogo vya ziwa, zimemwagwa juu ya neti, neti baada ya neti, zinang'aa, ungedhani nyota zilichoka huko juu zikashuka kupumzika kidogo, zikapitiwa na usingizi. Hata ile harufu, siku hiyo ilikuwa tamu. Nyange, wale ndege weupe, walikuwa wanatembea pembeni na miguu yao mirefu, kimya, kama wazee wa kanisa.

Yule mama alikuwa ameinama anachagua takataka. Hakuinuka. "Unajua kazi ya omena, nyathina, mtoto wangu?" akamuuliza dada yangu.

"Anajua sana!" nikajibu.

"Una miaka ngapi?"

"Kumi na sita, mama, lakini akili ni ya thelathini!"

"Utaweza kuamka mapema?"

"Huyu? Huyu hata halalangi!"

Mama akainuka, mkono kiunoni. "Kwani ni nani anatafuta kazi hapa?"

Dada yangu akaangalia vidole vyake vya miguu. Mama akatuonyesha neti ya mwisho. "Haya, nishughulikieni hiyo, nione," akasema, akaenda kupokea karai kwa boti.

Sasa mimi, kwetu ni mahindi. Omena najua ikiwa kwa sahani. Lakini mahindi ukianika unageuza, si ndio? Nikashika ufagio, nikaanza kugeuza. Dada yangu alichuchumaa, akavuta samaki moja na kidole, akaiacha. Akangoja.

"Si uanze! Utafukuzwa!"

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado tu."

Nikamwacha na bado yake. Jua lilikuwa linanipapasa mgongo, kaupepo kanatoka upande wa kisiwa cha Rusinga, nikaanza kuimba. Ufagio ukaenda, ukarudi, na mimi nikaenda nao. Nikajiona neti zote ni zangu, ziwa ni langu, hata wale nyange nimewaandika kazi. Sijui nilikaa huko muda gani. Nilishtuka nilipoona kivuli mbele yangu. Mama alikuwa amesimama nyuma.

Nikaangalia chini. Vichwa vya omena vilikuwa kwa neti. Miili ilikuwa kwa ufagio. Kumbe ikiwa mbichi inashika neti, na ukiilazimisha inakatika.

Mama aliuangalia ufagio. Alimgeukia dada yangu. "Na wewe, mbona umekaa tu?"

Nilijua nimemmaliza. Lakini dada yangu akainuka. Sauti ilikuwa ile ile ndogo, ila macho aliinua.

"Haijakauka, mama. Nilikuwa nangoja ianze kujiachilia yenyewe. Hii yenye ameharibu nitaitoa nianike kando, isichanganyike na ile nzuri."

Mama akamwangalia. Ziwa nalo likangoja.

"Kesho saa kumi na mbili," akasema. "Na usikuje na huyu."

Mimi nilipewa adhabu ya kufukuza nyange mpaka saa sita, na hawakuniheshimu hata mmoja.

Tukirudi nyumbani alikuwa anatembea mbele yangu, mikono inarukaruka. Nikamuuliza ile ujasiri ametoa wapi.

"Nilikuwa naogopa hata kupumua," akasema. "Halafu nikakuona, unakata samaki ya watu vichwa na bado unaimba. Nikasema, kama huyu hajui kitu na haogopi, mimi mwenye najua naogopa nini?"