"Lori Limekama": Nani Aliutoa Mchezo Wetu?

Mhariri, jina langu limeze, na la mtaa pia, maana hapa Kisii mjini tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mwislamu, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni cherehani. Nimezaliwa hapa hapa. Babu zangu ndio waliotoka mbali. Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema hata nikipewa salamu naigeuza kwanza nione upande wa pili. Sawa, lakini nisomeni mpaka mwisho, kisha mniambie kama nashuku bure.

Nina rafiki, nitamwita Kerubo. Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Gesima. Alikuja kwangu kushonesha sare za wanafunzi, tukazoeana mpaka tukashibana. Alikuwa na tabia ya kuwatungia watoto michezo ya darasani, na siku moja tukatunga wetu wawili, mchezo wa majani ya chai. Nilichukua kitambaa cha marekani nikakishonea vyumba kwa uzi wa rangi. Unasukuma kifungo cha shati kutoka shambani mpaka kwenye lori la kiwanda. Chumba kimoja mvua inakunyeshea, kingine mpimaji amekataa majani yako, rudi shambani. Kingine nilitaka kushona "Lori limekwama", herufi ikanitoroka, ikawa "Lori limekama". Kerubo alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tuiache hivyo hivyo, ndiyo itakuwa alama yetu.

Tukajiuliza, je, tuko peke yetu? Tukaanza kuulizia sokoni na makanisani, tukagundua wako wengine wanaotunga michezo yao majumbani. Kuna seremala wa Nyacheki na mchezo wake wa gololi, na mzee mmoja wa Nyansiongo aliyetunga mchezo wa ng'ombe wanaopenya ua wa mzungu. Tukawaita wote Jumamosi moja shuleni kwa Kerubo. Chifu alituhoji sana. "Watu wazima, mchezo gani? Isiwe kamari." Mwishowe akaturuhusu. Wengine walifika jana yake, wakalala kwa wenyeji, na michezo yao Kerubo akaifungia nyumbani kwake kwa kufuli.

Siku hiyo ilinoga. Nimeona watu wazima wakigombania zamu kama watoto. Halafu akaingia mzee mmoja wa koti na kofia, mwenye duka la vitabu na vitu vya kuchezea hapa mjini. Akaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Kerubo aliangusha vifungo vyote sakafuni, akatoka kwa mlango wa nyuma, asirudi mpaka yule mzee alipoondoka. Hawakusalimiana. Mzee naye aligeukia ukutani mpaka Kerubo akatoka. Mimi nikajiambia, wasiojuana husalimiana. Hawa wanajuana, na kuna kitu.

Mzee akacheza na mimi, akanishinda, akauliza nani kashona. Nikajibu kwa kujivuna, mjinga mimi.

Kitambaa kilibaki kwa Kerubo. Nilipokiuliza baadaye akasema amekifua, hakijakauka. Kitambaa cha mchezo kinafuliwa? Haukupita muda mrefu, nikapita dukani kwa yule mzee, nikaona mchezo wetu dirishani, umepigwa chapa kwenye karatasi ngumu, na rangi nzuri kuliko za uzi wangu. Nikainama nikasoma. "Lori limekama."

Nilirudi nikimwaga hasira kwa Mama Moraa, anayetuletea maziwa. Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Nyinyi wa mjini mnakaa na sisi na hamtujui. Yule mzee ndiye baba ya mume wake. Mke wa mtoto wako hakai meza moja na wewe, achia mbali kucheza. Sisi tunaita chinsoni, ni heshima. Angekaa pale ingekuwa aibu kubwa."

Nilipaswa kutulia. Badala yake nikazidi kushuku. Kumbe ni mkwe wake, na miezi yote hii hakuniambia! Nikapanda gari kwenda Gesima.

"Mwalimu, ulimpa?"

"Sikumpa," akasema. "Alimtuma mama mkwe aje aombe."

"Ukamjibu nini?"

Akanitazama kana kwamba sijaelewa swali langu mwenyewe. "Dada yangu, aliomba."

Basi. Nilipozidi kumbana akasema, "Wewe si mkwe wake. Wewe unaweza kumkatalia. Nenda wewe." Nilikaa naye, nikanywa chai yake, na moyoni sikujua kama ninatumwa kudai haki au kubeba lawama.

Sasa wale wenzetu wanataka tukutane tena. Seremala ametunga mpya, mzee wa Nyansiongo pia. Wanasema wataileta jana yake, walivyofanya mwanzo, kwa sababu nyumba ya mwalimu ina kufuli. Nikiwaambia ukweli, Kerubo ataaibika kwenye boma alikoolewa, na mimi ninampenda. Nikinyamaza, mzee akimtuma tena mke wake, ataomba nini?

Juzi Kerubo alikuja hapa kwangu na kitambaa kipya cha marekani. Akakiweka juu ya cherehani, macho yamemvimba. "Tushone mwingine," akasema. Nimekifungia kabatini, na kila nikifungua kabati kinanitazama. Nishaurini, wasomaji wenzangu. Nishone, au nisishone? Na nikishona, kitalala nyumbani kwa nani?