Swali la Fundi wa Kukata

Mwishoni mwa 2007 nilikuwa nafanya kazi kwa karakana ya sare za shule, Nakuru mjini. Mwenyewe alikuwa Mhindi aliyeirithi kwa babake. Alinileta niwafundishe mafundi kufanya kazi kwa vikundi vidogo, vyepesi: kola zikikwama, anayeshona mikono ya shati aache yake akasaidie, bila kungoja msimamizi. Kila asubuhi tulisimama kwa duara, kila mtu akisema amefika wapi na nini kinamzuia.

Mwanzoni walinicheka, halafu ikashika. Kwa kikundi kimoja mama wa kola na mzee wa kukata kitambaa walifanya duara kuwa mchezo.

"Mathe, leo umeamka?" mzee angeuliza.

"Nimeamka. Wewe ndiye umenikatia kola ya ng'ombe."

Kura ya urais ilipokaribia, utani uliisha. Kila mtu akawa anasema, "Niko sawa, hakuna shida," anaangalia sakafu. Saa ya chai walikaa na wa lugha yao, na nikipita wananyamaza. Kazi yenyewe haikupungua. Walishona haraka kuliko wakati wowote, na hilo lilinitisha.

Asubuhi moja mama wa kola alinifuata stoo.

"Madam, nihamishe. Niweke kikundi kingine."

"Kuna nini?"

"Yule mzee ameniuliza huko mtaa wa Rhonda nakaa ploti gani. Mlango gani." Alikuwa amekunja kola mkononi, anaifinya. "Tumefanya kazi na yeye miaka. Hajawahi kuniuliza."

Watu wake, tofauti na wa mzee, walitoka magharibi mwa nchi zamani kufuata kazi ya reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Nakuru. Nilimhamisha siku hiyo. Nilipomuuliza mzee, hakuacha mkasi.

"Nilitaka tu kujua," alisema.

Kura ikapigwa, na baada ya matokeo mambo yakaharibika, watu wa lugha tofauti wakichomeana nyumba, kwanza kwingine, halafu Januari ikielekea kwisha yakafika kwetu. Karakana ilifungwa. Kutoka kwa roshani yangu niliona moshi upande wa Rhonda, mchana kutwa. Nikimpigia mama wa kola, simu haikuingia.

Barabara zilipofunguka nilimpata uwanja wa mpira, walikokusanyika waliokimbia makwao, kwa foleni ya maji, amevaa sweta ya mtu mwingine. Watoto wake wote walikuwa naye. Nilimkumbatia.

"Alikuja," aliniambia. "Yule mzee. Jioni ya kuamkia siku ya moto. Hakuingia. Akasema, 'Toka leo, usingoje kesho.' Nikabeba watoto tukaenda."

"Mungu ambariki."

Alisogeza mtungi na mguu, foleni ikasonga.

"Madam, yeye alijua aje ni kesho?"

Baadaye kidogo walipakiwa kwa lori kuelekea magharibi, nyumbani kwa watu ambao watoto wake hawakuwa wamewahi kuwaona.

Karakana ilipofunguliwa, mzee alirudi. Alikata kitambaa vizuri kama zamani. Mara mbili nilisimama kando ya meza yake nikiwa na swali la mama wa kola mdomoni, na mara zote mbili nilimwambia tu kitambaa cha bluu kinaisha. Hakuna aliyetaka tena kusimama kwa duara, na sikuwalazimisha. Kabla mvua ndefu hazijaanza niliacha ile kazi.