Siku Highrise Walipofunga Mifereji

Seline Aluoch hukaanga samaki Lindi, ndani ya Kibera, kwenye kona ambapo njia ya kupitana watu wawili hugeuka kuwa ya mtu mmoja. Majirani humwita Mama Ryan. Alikuja Kibera akiwa msichana kutoka Homa Bay, na kwa miaka yote hiyo kitu alichokiogopa kuliko polisi au mafuriko ni moto. Huuwasha kila asubuhi chini ya karai lake. Anaijua tabia yake.

Mwaka jana moto uliteketeza safu nzima ya nyumba nyuma ya kanisa lao. Gari la zimamoto lilikuja, tena lilikuja upesi, lakini lilikwama kwenye lami kando ya Nyayo Highrise, mtaa wa magorofa, kwa sababu mbele hapakuwa na njia ya gari. Mpira wao wa maji ulivutwa mpaka ukaisha, na moto bado ulikuwa mbali. Seline aliwaona wale vijana wa zimamoto wamesimama na mpira mikononi, hawana la kufanya. Mmoja alikuwa analia.

Ndipo wakazi wakaitwa kanisani kuamua la kufanya. Afisa wa kaunti aliwaeleza yanayowezekana. Njia ingeweza kupanuliwa gari lipite, ila nyumba nyingi zingebomolewa. Zingeweza kuletwa pikipiki zenye matangi, ila maji yake yangeisha mara moja. Au wavute bomba kutoka kwa lile kubwa linalolisha Highrise, lipite juu ya vichochoro, liwekewe koki za kuunganisha mpira.

"Barabara ndiyo dawa," alisema Mzee Wambua, fundi wa viatu, aliyekuwa akiongoza mkutano. "Hayo mengine ni kujidanganya."

Kavindu, jirani yake Seline, aliinuka na mtoto mgongoni. "Barabara itapita kitandani mwangu, mzee. Sisemi hapana. Nauliza tu nitalala wapi."

Watu wakamgeukia afisa kuuliza kuhusu bomba.

Afisa hakuwaficha ubaya wa bomba. Maji yalikuwa yale yale. Watu wa Highrise wakifungua mifereji yao ya jikoni na bafuni, presha huku chini ingekuwa ya kunawia mikono tu.

Mama mmoja akasimama nyuma. Wachache walimjua. Aliitwa Wanja, na alikuwa mpangaji wa Highrise. "Mkitupigia kengele," alisema, "tutafunga mifereji yetu."

Watu walicheka. "Madam, hao wa kwenu hata salamu hawatujibu," kijana mmoja akamwambia.

"Nitawauliza," Wanja akajibu, akaketi.

Seline aliinua mkono kwa ajili ya bomba. Hakuwa ameamini. Alikuwa tu hataki Kavindu afukuzwe.

Bomba likaja. Akaja pia Caren, mwanamke wa zimamoto, kuwafunza waliojitolea, Seline akiwa mmoja wao. Aliwaonyesha jinsi ya kufunga mpira kwenye koki, jinsi ya kusimama miguu imeachana, na jinsi ya kulenga chini ya moto badala ya kuufuata juu. Siku ya kwanza Seline aliangushwa chali na maji. Lakini siku hiyo ilikuwa katikati ya wiki, na Highrise watu walikuwa kazini, mifereji yao imefungwa.

Moto ulizuka Jumamosi, wakati wa kufua. Waya ulitoa cheche katika karakana ya Ndululu seremala, na maranda ya mbao yakashika kama karatasi. Seline alisikia mabati yakipiga kelele kwa joto kabla hajaona moshi. Aliacha samaki karaini akakimbilia koki. Mzee Wambua akashika mpira nyuma yake, na mtu mwingine akatumwa mbio kwa Muia, askari wa geti la Highrise, agonge kengele ya chuma.

Alifungua koki. Maji yakatoka kidogo, yakamwagika miguuni pake.

"Fungua yote, Mama Ryan!" Mzee Wambua akapaza sauti.

"Iko yote."

Moto ulikuwa umeshika ukuta wa pili. Ule wa tatu ulikuwa wa Kavindu, naye alikuwa ndani akirusha nguo nje. Mbali, Seline alisikia chuma kikigongwa. Akawaza nguo zilizoloweshwa huko juu, vyombo, watoto wanaoogeshwa. Nani angeacha hayo afunge mfereji?

Kisha mpira ukasogea mikononi mwake. Ukatulia, ukasogea tena, kama kitu kinachoamka. Ukajaa polepole. Hakuna kilichokuwa kimebadilika pale Lindi, hakuna mtu aliyegusa chochote, lakini mpira ulikuwa unazidi kuwa mzito, na Seline akaelewa kwamba kila uzito ulioongezeka ulikuwa mkono wa mtu asiyemjua, jikoni kwake, akizungusha mfereji. Maji yakapiga ukuta kwa kishindo, Mzee Wambua akajikaza nyuma yake, naye akalenga chini kama alivyofunzwa.

Karakana iliteketea, na chumba kilichofuata. Ukuta wa Kavindu ulibaki mweusi, lakini ulibaki. Hakuna aliyekufa.

Kesho yake baada ya ibada Seline alipanda Highrise kushukuru. Getini, zaidi ya Wanja, hakujua amuulizie nani.

"Hata mimi sijui nikuitie nani," Muia alisema. "Jana kuna mtu alishuka hapa na sabuni kichwani, akaniuliza kama moto umezimika ndio aende amalize kuoga. Wengine walisimama tu kwa madirisha, wametulia, wakiangalia huko kwenu."

Akamruhusu aingie. Seline akasimama uani, akainua macho, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila mahali. Mwanamke mmoja akachungulia kutoka juu.

"Umepotea, mama?"

"Hapana," Seline akasema. "Nawatazama tu."