Vidole vya Dorkasi

Staff Sajini Dorkasi Chidawali hana mchezo na mtu anayeidharau SMG. Kijana akiiita bunduki ya kizee, atakalishwa chini na kupewa darasa. Warusi walioibuni baada ya Vita Kuu ya Pili hawakuvibana sana vyuma vyake, waliacha nafasi ili vumbi likiingia lipate pa kupita. Wachina wakaiiga, sisi tukaipokea kwao, ikaenda vitani hadi Kagera na kuvuka mpaka. Ndiyo maana, anasema, katika vumbi la Dodoma haijamwangusha hata siku moja. Mumewe Abeli, mkulima wa zabibu kule Mvumi, hajawahi kusifiwa hivyo.

Dorkasi alitoka shule akaingia JKT, kisha jeshini, na ghala la silaha la kikosi chake amelishika miaka ishirini na miwili. Kila bunduki ina namba, na tarakimu za mwisho zimegongwa pia kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi. Bolti ya bunduki moja huingia kwenye nyingine bila kinyongo, na hatari iko hapo hapo: isipofunga sawasawa, ganda la risasi linaweza kumpasukia mpigaji usoni. Kabla ya kila siku ya shabaha, Dorkasi huthibitisha namba na kutia saini.

Mwaka juzi kisukari kilimfikia machoni. Daktari alimwambia kilichopotea hakitarudi. Hakumwambia mtu, hata Abeli. Ubao wa herufi wa kupimia macho aliukariri, na namba za bolti akawa anazisoma kwa ncha za vidole. Sasa ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu, naye aliona atafika tu.

Jumatano moja Meja Octavian alikuja kutoka makao makuu kukagua silaha ambazo makuruta wangepigia shabaha kesho yake. Askari wa zamu, kwa uvivu wao, walikuwa wameoshea bolti zote thelathini kwenye beseni moja la dizeli, zikachanganyika. Dorkasi aliwafokea mpaka wakakosa pa kutazama, kisha akakaa kuzipanga.

Meja alikuwa amezisikia sifa zake. Kwa utani akamfunga kitambaa machoni, akatazama saa. Dorkasi akafungua bunduki moja vipande vipande na kuifunga tena kabla dakika haijaisha, askari wakapiga makofi. Kwa kweli chini ya kile kitambaa alikuwa ametulia kuliko siku zote.

Kitambaa kikatolewa. Zilibaki bunduki mbili bila bolti, moja ikiishia 413, nyingine 418.

"Malizia hizo utie saini, tukale," Meja akasema.

Dorkasi akapapasa bolti ya kwanza. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imelika. Tatu au nane? Akapapasa ya pili, nayo vilevile. Akazigeuzia dirishani, akaona ukungu mtupu. Angeweza kubahatisha, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini kesho kuna mtu angelaza shavu lake juu ya kitako cha bunduki mojawapo. Hofu ikamshika, akaziweka bolti zote mbili mezani.

"Afande, namba hizi sizioni."

Meja akacheka. "Vaa miwani, mama."

"Miwani haisaidii, afande. Macho yamekwisha."

Kicheko kikakatika. Meja akazichukua bolti, akazisoma kwa sauti, akazirudisha mwenyewe, kila moja kwenye bunduki yake, taratibu, kama mtu aliyeiacha kazi hiyo siku nyingi.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Akavuta faili la siku za shabaha, akafunua kurudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kila mmoja na saini yake. Dorkasi alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, lakini hakuinamisha kichwa.

"Na hizi zote?"

"Nilipapasa, afande."