Mkanda wa Stroberi

Sokoni hapa mjini kuna mama anayeuza stroberi za milimani, na harufu ya matunda hayo hunifikia kabla sijamwona. Mimi hujifanya natafuta vitunguu.

Harufu hiyo ilijaa kwenye gari dogo tulilokodi mimi na mama yangu, nilipokuwa mdogo, kushusha stroberi zetu Morogoro. Tulikaa kiti cha nyuma, tenga likiwa katikati yetu. Dereva alinifunga mkanda, akauvuta kuhakikisha. Mama aliuchukua wa kwake, akauzungusha kwenye tenga, akauchomeka.

"Dada, huo mkanda ni wako, siyo wa matunda," dereva alisema.

"Mimi nina mikono ya kujishikilia, hizi hazina," mama alijibu. "Zikipondeka nitauza nini, juisi?"

Dereva akacheka, tukaondoka.

Kwenye kona yenye tope gari liliteleza, likavaa mti. Mama alirushwa nje kupitia kioo cha mbele, akafia palepale. Watu walipokuja, mimi nilikuwa bado nimekaa, na tenga kando yangu limesimama wima. Mwanamke mmoja alilifungua, akanipa stroberi mkononi, labda ili ninyamaze. Ilikuwa nzima kabisa.

Msibani wazee walisema siku yake ilikuwa imefika. Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, huku bega likiniuma pale mkanda uliponikaba. Nilitaka kuwauliza kama siku yangu nayo ilifika palepale, ikanikuta nimefungwa.